Siku Moja Katika Dar es Salaam ya Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni ndugu na marafiki wanaokuja kutoka Mwanza, Mbeya, Tanga au Mombasa, wakiwa na siku moja ya mapumziko kabla ya kupanda boti, treni au basi. Wa pili ni wakazi wa Dar wenyewe, watu wa Kimara, Mbagala na Gongo la Mboto, ambao hupita Posta kila asubuhi wakiwahi kazini, na siku ya likizo wanatamani kupita palepale bila haraka, wajue kile wanachokipita. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetembea kwa miguu. Katikati ya jiji hili gari ni mzigo.

Siku moja inatosha kweli? Dar ni kubwa.

Dar ni kubwa, Dar ya kale ni ndogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na nyumba zimeenda hadi Bunju, Chanika na Kongowe. Lakini mji ambao Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima, ulikuwa ukanda mwembamba tu kando ya bandari. Majid alifariki mwaka 1870 mji haujakamilika. Wajerumani waliuchukua, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Waingereza waliingia mwaka 1916. Athari za tawala zote hizo tatu ziko kati ya Feri na Stesheni, mwendo wa takriban kilomita 2. Nusu ya kwanza ya siku ni ya huko, nusu ya pili ni ya Kariakoo.

Kitakachokumaliza siku ni kutaka kuchanganya mambo. Ukipanga mjini, magofu ya Kunduchi na Bagamoyo kwa siku moja, utakachokiona zaidi ni foleni.

Nianzie wapi, na saa ngapi?

Anzia Soko la Samaki la Feri, Magogoni, saa 12:30 asubuhi. Wengi hushangaa kuambiwa waanzie sokoni badala ya makumbusho, lakini uvuvi ndiyo kazi ya kwanza ya mahali hapa. Watu walikuwa wakivua kwenye mdomo huu wa bandari kabla Majid hajaleta jiwe lake la kwanza.

Saa hiyo mnada umepamba moto. Mashua na ngalawa zimeshusha, samaki wamepangwa kwa mafungu, changu na kolekole huku, pweza na ngisi kule, na dalali anataja bei kwa kasi ambayo sikio geni halifuati. Mnunuzi hapigi kelele. Anainua kidole, au anatikisa kichwa tu, na fungu limekwenda. Kando wapo vijana wanaopara samaki kwa visu, magamba yanaruka hadi kwenye nguo zako, hivyo usivae cha kutokea. Nyuma yao kina mama wameshainjika makarai ya mafuta. Jengo la soko la sasa lilijengwa kwa msaada wa Japani na kuanza kutumika mwaka 2002. Mnada wenyewe ni wa kale zaidi kuliko jengo.

Kaa hapo nusu saa, kunywa chai, kisha anza kutembea kuelekea Posta ukiwa na bahari upande wa kushoto. Jua bado ni dogo na vivuli vya miti ya Kivukoni bado ni virefu.

Nitafikaje Feri bila gari?

Panda basi la mwendokasi hadi kituo cha mwisho cha Kivukoni, mita chache kutoka sokoni. Anayetoka upande ambao mwendokasi haufiki achukue daladala ya Posta, ashuke Posta ya Zamani na kurudi nyuma kidogo kwa miguu. Ukipanda bodaboda, kubaliana bei kabla ya kupanda.

Kando ya Barabara ya Kivukoni kuna nini cha kutazama?

Makanisa mawili ambayo picha zake ziko kwenye kalenda nyingi nchini. La kwanza ni la Kilutheri, Azania Front, lenye mnara mweupe na paa la vigae vyekundu. Ujenzi wake ulianza mwaka 1898. Utaona vipaa vidogo vya vigae vimewekwa juu ya madirisha kuzuia jua lisiingie moja kwa moja. Ni jengo la Kijerumani lililolazimika kujifunza hali ya hewa ya Pwani. Ukifuata bandari utakutana na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, lenye mnara mrefu uliochongoka na madirisha ya vioo vya rangi.

Ingia ndani ya yote mawili kama hakuna ibada. Vua kofia, zima sauti ya simu, na kama kuna mtu amepiga magoti subiri amalize kabla ya kutoa kamera. Mzee wa kanisa au mlinzi akikukaribisha, msalimie kwanza. "Shikamoo" moja ya dhati hufungua milango ambayo maelezo marefu hayafungui.

Jengo kongwe kuliko yote ni lipi?

Kutoka zama za Majid yamebaki majengo mawili mashuhuri, na yote mawili yako Barabara ya Sokoine, jirani na Mtakatifu Yosefu.

Moja ni Atiman House, nyumba ya miaka ya 1860. Inaelezwa kwamba ilijengwa kwa ajili ya masuria wa Sultani. Mwaka 1922 mapadre wa shirika la White Fathers waliinunua, na jina inalolibeba leo ni la Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea utabibu na kuishia kuwatibu watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi alipofariki mwaka 1956. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya masuria leo inaitwa kwa jina la mtu aliyewahi kuuzwa. Hilo peke yake linatosha kukusimamisha pale mlangoni.

La pili ni Boma la Kale, pembeni mwa makutano ya Sokoine na Barabara ya Morogoro, lililojengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani. Mlango wake ni wa kuchongwa, wa mtindo wa Zanzibar. Usiupite haraka. Weka kiganja ukutani pia: kuta ni za mawe ya matumbawe, nene, na ukiingia ndani utasikia joto la Sokoine limekatika ghafla. Mafundi wale hawakuwa na feni, walikuwa na ukuta. Jengo hili lilikarabatiwa, na ndani yake kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam chenye picha na ramani zinazoonyesha mji ulivyokua. Ukizitazama ramani hizo kwa makini, sehemu iliyobaki ya siku itakuwa rahisi kuielewa.

Ukivuka Barabara ya Morogoro utaona jengo la Halmashauri ya Jiji, la zama za Wajerumani. Mbele kidogo ni Stesheni, ilikoanzia Reli ya Kati mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Siku hizi treni ya umeme ya SGR nayo inaondokea eneo hilohilo, tangu mwaka 2024.

Sanamu ya Askari ina maana gani hasa?

Watu wengi wa Dar huitumia kama alama ya kuelekezana njia tu, "shuka pale Askari." Simama utazame. Iko kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe.

Mahali hapohapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao na kamanda aliyezima kwa mabavu upinzani wa watu wa Pwani chini ya Abushiri. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Iliishia Hamburg, ikasimamishwa tena mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, na miaka ya 1960 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Hapa Dar, mwaka 1927, paliwekwa askari wa shaba aliyechongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson. Singe ya bunduki yake imeelekezwa bandarini.

Sasa shuka chini usome maandishi. Yanawataja askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Vita ile Afrika Mashariki ilipiganwa porini, kwenye mbung'o waliomaliza wanyama wa mizigo, kwa hiyo kila risasi na kila gunia la unga lilibebwa kichwani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa njaa na maradhi. Nairobi, kwenye ukumbusho wa vita hiyohiyo, mpagazi amesimama pamoja na askari. Hapa kwetu amebaki kwenye maneno tu, ila ana mahali pengine pakubwa zaidi katika jiji hili, na tutafika huko.

Kwa nini mitaa mingi ina majina ya viongozi wa nchi nyingine?

Kwa sababu wengi wao walikuwa na kazi hapa, au watu wao walikuwa nayo. Barabara ya Samora ilianza kuitwa kwa jina la Kijerumani la miti ya akasia, ikawa Acacia Avenue ya Waingereza, ikawa barabara ya Uhuru wa nchi, kisha ikapewa jina la Samora Machel. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962. Kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu humu jijini tarehe 3 Februari 1969. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa tangu mwaka 1963. Ukitembea Samora, ukakatisha Azikiwe, ukaingia Nkrumah na kumalizia Lumumba, unapita katikati ya historia ambayo vijana wengi wa Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini wanapaswa kuja kuiona.

Makumbusho ya Taifa yanastahili muda wangu?

Yanastahili saa moja na nusu, angalau. Fika kama saa 4 au 5 asubuhi, jua linapoanza kukaza. Yako Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 na ukumbi wa Karimjee ambako Bunge lilikuwa likikutana. Jengo la zamani lilifunguliwa mwaka 1940 kama ukumbusho wa Mfalme George V wa Uingereza.

Kama huna muda wa kutazama kila kitu, chagua vitatu. Cha kwanza ni habari za Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, na ambalo makumbusho haya ndiyo yanayolihifadhi. Cha pili ni vitu vya Kilwa, sarafu na vyombo vya kauri vilivyotoka China, vinavyoonyesha kwamba Pwani hii ilikuwa na miji ya biashara karne nyingi kabla Dar haijafikiriwa. Cha tatu ni kumbukumbu ya shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu 11 hapa Dar. Pita hapo kwa utulivu. Wapo wanaopita wakiwa na ndugu zao kichwani.

Chukua kitambulisho cha NIDA, kwani Watanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa nje. Uliza pia kama kuna mwongozaji. Maelezo yake ni bora kuliko vibao.

Naruhusiwa kupiga picha Ikulu na Ocean Road?

Ikulu hapana. Usipige, usijaribu, hata ukiwa mbali. Hali ni hiyohiyo kwa bandari, kambi za jeshi, vituo vya polisi na eneo la vivuko. Jengo la Ikulu lilitokana na makazi ya gavana wa Kijerumani yaliyoharibiwa na mizinga ya meli za Waingereza mwaka 1914, likajengwa upya na kukamilika mwaka 1922.

Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897 na ambako daktari Robert Koch alifanyia utafiti, leo ni taasisi ya matibabu ya saratani. Itazame ukiwa barabarani. Ndani kuna wagonjwa.

Kwingineko, kwa mtu yeyote, omba kwanza. Mvuvi au mama lishe akikataa, shukuru na uendelee.

Unasema nusu ya siku niende Kariakoo. Si ni kununua nguo tu kule?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mgeni anayeishia Kivukoni anaondoka akidhani historia ya Dar ni ya Sultani, Mjerumani na Mwingereza. Majengo yao yalikuwa ya mawe, yamebaki. Wenye mji walijenga kwa miti, udongo na makuti, nyumba zao hazikudumu, lakini mambo makubwa yalipangwa ndani ya hizo.

Wakoloni waliugawa mji katika sehemu tatu. Upande wa bahari na upepo, Uzunguni. Katikati, kwenye maduka, Uhindini. Nyuma, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini waliacha uwanja mtupu, kwa kisingizio cha afya, ili jamii zikae mbali. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Ukiwa umetoka Samora, ukapita Mnara wa Saa uliojengwa kukumbuka mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961, ukavuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, simama pale uwanjani. Umesimama juu ya mpaka. Leo pana Mnara wa Uhuru wenye mwenge juu yake, vijana wanacheza mpira, na wauza matunda wamepanga meza zao.

Vuka uende Mtaa wa Lumumba. Hapa ndipo yalipokuwa makao ya chama cha Waafrika kilichoanzishwa mwaka 1929, na ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwalimu Julius Nyerere wakati huo alikuwa akifundisha Pugu, na alikuwa akija mjini kukutana na watu wa Kariakoo na Gerezani: Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz na wenzao, wenyeji walioujua mji na waliompokea nyumbani kwao. Bibi Titi Mohamed, ambaye sasa barabara ina jina lake, alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha kina mama. Alipoingia TANU aliingia na mtandao wote wa vikundi vile. Waingereza walikuwa wakitafuta siasa kwenye ofisi, kumbe ilikuwa inapita kwenye ngoma, misikitini, kwenye vibaraza na kwenye vikombe vya kahawa.

Na wapagazi? Eneo hili la Kariakoo ndilo lilikuwa kambi yao baada ya mwaka 1916, na jina la mtaa limetokana na kikosi chao, Carrier Corps kwa Kiingereza. Yule asiyeonekana kwenye sanamu ya shaba ana sehemu yenye pilika kuliko zote nchini.

Kwa hiyo unapotembea Mtaa wa Kongo, Aggrey, Sikukuu au Swahili, nunua nguo kama unataka. Lakini tafuta pia nyumba chache za chini zilizobaki kati ya maghorofa, zile zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma na kibaraza mbele. Zimebaki chache mno. Mwenyewe akiwa kibarazani, mpe salamu na umuulize habari za mtaa. Wazee wa Kariakoo wanapenda kuulizwa.

Jengo la soko lenyewe je?

Lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza wa Kitanzania, na likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni safu ya maumbo ya zege yaliyotanuka juu, yanayokinga jua na kukusanya maji ya mvua, huku pembeni pakiwa wazi upepo upite. Lilipata moto mkubwa Julai 2021 na kazi ya kulirudisha ikafanyika. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa majengo bora ya umma yaliyowahi kujengwa nchini, na lingestahili kutazamwa hata kama lisingekuwa na nyanya hata moja.

Nile wapi, na nini?

Asubuhi Feri: chapati na supu, au samaki wa kukaanga na muhogo. Mchana, mama lishe yeyote mwenye foleni ya wafanyakazi wa ofisini. Foleni ndiyo cheti chake. Wali wa nazi, maharage, mchicha na kipande cha changu vitakutosha hadi jioni. Mtu wa madafu utampata karibu kila kona ya Posta.

Jioni Uhindini, kwenye mitaa ya Libya na Jamhuri, majiko ya mishikaki na kuku wa kuchoma hutolewa barabarani. Kuna urojo pia. Na Kariakoo, magharibi ikishaingia, tafuta muuza kahawa mwenye birika la shaba juu ya mkaa. Kahawa chungu, kashata, benchi, na mjadala wa Simba na Yanga ambao hukuombwa kujiunga nao lakini utajiunga.

Mbona majengo ya zamani yanazidi kupungua?

Kuna sababu mbili ambazo mtembeaji anafaa kuzijua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Dar ya mawe karibu yote ilijengwa baada ya hapo, Boma la Kale likiwemo, kwa hiyo kila jengo linahitaji kutangazwa rasmi ndipo lilindwe. Ambalo halikutangazwa, halina mwenyewe mbele ya tingatinga. Pili, mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha, na mengi ya Uhindini yakaenda Shirika la Nyumba la Taifa. Viwanja vile sasa ni ghali sana, na ghorofa mbili za mwaka 1930 haziwezi kushindana na ghorofa ishirini.

Ndiyo maana nakuomba, ukipita mitaa ya India, Zanaki na Kisutu, uinue macho juu ya vibao vya maduka. Huko juu kuna roshani zenye nakshi, mataji ya plasta, na mara nyingine mwaka wa ujenzi umeandikwa kileleni. Piga picha. Nyumba niliyoizoea mwaka jana huenda mwaka huu imezungushiwa mabati. Jengo la Salamander, lililokuwa mashuhuri pale Samora, limeshabomolewa.

Usalama ukoje?

Mchana, katikati ya jiji ni salama kwa mtu aliye makini. Vibaka wa bodaboda hupora simu na mikoba pembezoni mwa barabara, kwa hiyo ukitaka kutazama ramani ingia dukani. Kariakoo beba begi mbele. Usiku usitembee kwa miguu kwenye mitaa iliyotulia ya Kivukoni na ufukwe wa Ocean Road.

Siku ipi ya wiki ni nzuri? Na msimu?

Jumamosi. Ofisi nyingi zimefungwa, magari yamepungua, na Kariakoo iko kamili. Jumapili Samora inakuwa tupu na picha zinapendeza, ila makanisa yana ibada. Hata hivyo kwaya za Azania Front zinafidia. Ijumaa, kuanzia saa 6 mchana maduka mengi ya Uhindini na Kariakoo hufungwa kwa ajili ya swala.

Juni hadi Agosti hali ya hewa ni ya kuvutia zaidi. Masika, Machi hadi Mei, mitaa ya Kariakoo hujaa maji. Februari ina joto la kuchosha kweli, na anayekuja mwezi huo apumzike saa 7 hadi saa 9 mchana.

Nikiwa na watoto wadogo au mzee?

Punguza. Njia za miguu zina mashimo na magari huegeshwa juu yake, jambo linalomtesa anayetembelea fimbo au kiti cha magurudumu. Chagua Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Mimea, kisha bajaji hadi Boma la Kale. Watoto wanaotaka kukimbia wapeleke Makumbusho ya Kijiji, Kijitonyama, palipofunguliwa miaka ya 1960, ambako nyumba za jadi za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi na wanaweza kuingia ndani. Mara nyingi kuna ngoma. Mzee anayeikumbuka TANU atafurahi zaidi ukimpeleka Magomeni, kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu ambayo sasa ni makumbusho. Usimharakishe.

Nimebakiwa na saa moja na nusu kabla ya giza. Nifanye nini?

Rudi Feri upande pantoni kwenda Kigamboni. Ni dakika chache na nauli ni ndogo. Usipige picha kivukoni, lakini simama upande wa nyuma, uitazame bandari kutoka majini kama walivyoiona waliokuja na majahazi. Mnara wa Mtakatifu Yosefu na paa jekundu la Azania Front bado unaweza kuyatambua kati ya maghorofa. Ukishuka, kula muhogo wa kuchoma, na urudi na pantoni la kabla ya saa 1 usiku. Baada ya hapo foleni ya wanaotoka kazini ni ndefu, na mwendokasi wa kutoka Kivukoni unajaa tangu kituo cha kwanza.